Vepu inaandika betri imeisha na imetoka kwenye chaji sasa hivi: nichaji lini hasa?

Mzee wa Semi

Wakuu salaam. Nina swali kwa wenye ujuzi wa betri, hasa hizi za vepu, yaani sigara za umeme. Wale wa "achana na moshi kabisa" nawaheshimu na najua mtakuja, ila naombeni kwanza tumalize la umeme.

Mimi ni dereva wa semi, Dar–Tunduma. Sigara nilikuwa navuta kupita kiasi, hasa usiku na kwenye foleni ya mpakani, nikahamia vepu. Siyo hizi za kutupa. Ni ile ya boksi, ina kitufe na kioo kidogo, inaingia betri moja ya 18650 na inachajiwa kwa waya wa taipu C. Koili yake, ule waya unaochemsha juisi, ni ya omu 0.4 na nimeiweka wati 50, maana nikishusha naona kama navuta hewa tu.

Nina betri mbili. Moja ilikuja na kifaa, ya kijani, imeandikwa 25R na 2500mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Nyingine nilinunua Kariakoo, nyekundu inang'aa, imeandikwa 9900mAh. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kama 2500 inanifikisha Mikumi, 9900 itanifikisha Makambako na chenji inabaki. Kumbe wapi. Hiyo nyekundu naitoa kwenye chaji taa ikiwa ya kijani, navuta pafu mbili tatu, kioo kinaandika betri iko chini na kifaa kinazima. Nikiiweka pembeni kidogo mstari wa betri unarudi juu ya nusu. Nikivuta tena inakata tena. Yaani inaisha na haijaisha.

Ile ya kijani haina vituko hivyo, ila siku hizi nayo imelegea. Natoka nayo Chalinze imejaa, Mikumi mstari uko robo, na nikiishika imepata joto.

Muuzaji ananiambia betri mpya lazima iachwe iishe kabisa, ichajiwe, iishe tena, hivyo hivyo mara tatu ndiyo inyooke. Utingo wangu anasema kinyume chake, nichaji kila ikishuka kidogo nisisubiri ife. Nani mkweli? Na ni ikifika wapi ndiyo nichomeke? Kwa taarifa, nachajia kwenye tundu la kiberiti cha gari, kifaa kinalala juu ya dashibodi. Gari ni volti 24. Kama kuna tatizo hapo pia semeni.

kijana wa Tandika

Mkuu muuzaji yuko sahihi. Betri usipoiacha iishe inajizoesha. Ukiizoesha kuchajiwa ikiwa nusu, inaanza kuamini hiyo nusu ndiyo mwisho wake. Hata simu mpya ukinunua unaambiwa chaji masaa manane kwanza. Iache ife kabisa, usiiguse usiku kucha, asubuhi ndiyo uchaji.

Shangazi wa Chuga

Wati 50 kwenye kabini iliyofungwa vioo? Huyo utingo anavuta bure na hajaambiwa. Nimepita tu.

Fundi Mita

Mzee wa Semi, utingo wako muongezee posho. Huyo ndiye mkweli.

Nianze na hili la kuacha iishe, kwa sababu ndilo linaloniletea betri mfu mezani kila wiki. Hiyo habari ya betri kujizoesha ilikuwa ya betri za nikeli na kadimiamu, zile za redio za upepo na drili za zamani. Kijana wa Tandika hakuitunga, ameirithi. Lakini lithiamu haina tabia hiyo kabisa. Lithiamu huiumizi kwa kuichaji ikiwa nusu. Unaiumiza kwa kuikausha. Ikishuka mbali chini ya volti 2.5 na kukaa huko, shaba iliyo ndani inaweza kuanza kuyeyuka, na ukija kuichaji ile shaba inaganda mahali isipotakiwa na kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Kwa hiyo ukiletewa betri iliyolala mfu miezi halafu fundi akakwambia "ngoja niibusti kidogo iamke", mwambie asante, uondoke nayo au umwachie. Ikiamka hiyo siyo ya kuweka karibu na mdomo.

Sasa huo mstari wa betri kwenye kioo. Watu wanadhani unaonyesha chaji iliyobaki. Kifaa hakina njia ya kuona chaji, kinachopima ni volti, halafu kinakisia. Seli ya lithiamu iliyojaa inasoma 4.2. Ikiwa katikati inasoma 3.7 na ushei. Ikiwa 3.5 kimebaki kidogo, tuseme moja ya tano au pungufu. Vepu nyingi zikiona karibu na 3.2 zinazima ili kuilinda seli. Hizo ni volti za betri iliyotulia. Ukibonyeza kitufe unaidai umeme mwingi kwa mpigo na volti zinashuka hapo hapo. Wewe unalijua hili kuliko mimi: gari tupu na gari yenye mzigo kwenye mlima wa Kitonga, mguu ni ule ule lakini mshale wa mizunguko hausomi sawa.

Zinashuka kiasi gani? Hapo ndipo betri nzima inapojulikana. Twende na namba zako. Wati 50 gawa kwa volti 3.7, ongeza kidogo kwa kinachopotea kwenye saketi, ni kama ampia 15, yaani kasi ya umeme, zinatoka kwenye seli moja. Seli nzuri kama 25R, ikiwa mpya, ina ukinzani wa ndani, yaani inavyouzuia umeme ndani yake, wa kama omu 0.02. Mara 15, unapoteza volti 0.3. Kutoka 4.2 inabaki 3.9, unavuta vizuri. Hizi nyekundu za 9900 nikizipima, ile afadhali kabisa ina omu 0.1. Mara 15 ni volti 1.5. Kutoka 4.2 inabaki 2.7, na betri imejaa! Kifaa kikiona 2.7 kinazima, na ndivyo kilivyotakiwa kufanya. Ukiachia kitufe volti zinapanda tena, mstari unarudi nusu, unabaki unashangaa. Chaji kidogo iliyomo ipo kweli, ila seli haiwezi kuitoa kwa kasi unayoitaka.

Na hiyo 9900 ni uongo mtupu. 18650 ni kipimo cha kopo tu, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Kwa kopo la ukubwa huo, seli zilizozoeleka za viwanda vikubwa zinaishia karibu na 3500. Ukiona imeandikwa 5000, 6800 au 9900 hata usiulize bei. Nimepasua kadhaa. Ndani unakuta seli ya kizamani iliyotolewa kwenye laptop ikavalishwa ganda jipya, au kiseli chembamba kimezungushiwa unga mweupe ili kopo lisiwe jepesi mno. Kama una mizani ndogo ipime. Seli halali inacheza kwenye gramu 43 mpaka 48. Ikija thelathini na kitu, umeshapata jibu.

Kuna kitu kingine ambacho wauzaji wengi hawakijui au wanakinyamazia. Hata kwa seli halali, mAh kubwa siyo ndiyo bora kwa vepu. mAh na ampia zinavutana shati. 25R ni mAh 2500 lakini inatoa ampia 20 bila kulia. Kuna Panasonic moja maarufu, NCR18650B, ina 3400, nzuri sana kwa tochi na pawa benki, lakini ampia zake haziruhusiwi kufika hata 7. Ukiiweka kwenye wati 50 itachemka na itakukatia kama hiyo nyekundu, na ni orijino. Kwa hiyo mtu wa vepu anaangalia ampia kwanza, mAh baadaye.

Nichaji lini? Ikifika robo, chomeka. Kama kioo chako kinaonyesha volti, ikiwa imetulia na inasoma 3.5 au 3.6, chomeka. Siyo kwa sababu ya afya ya betri peke yake. Kifaa chako kinalazimisha wati 50 zitoke muda wote, iwe betri imejaa au inaelekea kuisha. Volti zikiwa chini inabidi zivutwe ampia nyingi zaidi kufikia wati zile zile. Ikiwa 4.2 unavuta ampia 13, ikiwa 3.3 unavuta karibu 17. Ndiyo maana ukiishika kule Mikumi ina joto. Ile robo ya mwisho unaivuta kwa ampia nyingi kuliko zote, na faida yake ni mipafu michache.

Na usiogope kuchaji mara nyingi. Kinachohesabiwa ni chaji nzima. Nusu ya asubuhi na nusu ya jioni ni mzunguko mmoja, siyo miwili. Seli ya namna hii unategemea mizunguko 300 mpaka 500 kabla haijalegea wazi wazi. Dereva anayemaliza betri moja kila siku, mwaka ukiisha ameshaingia humo. Hiyo kijani yako una muda gani nayo?

Mzee wa Semi

Fundi, nimekaa hapa Mikumi nimesoma mara mbili. Hiyo ya Kitonga umenipata.

Kijani nina nayo mwaka na zaidi. Hiyo nyekundu nimeipeleka kwa sonara hapa ana kimizani cha dhahabu, imesoma gramu 31. Sonara akaniuliza hii ni madini gani. Nimezoea kupimwa Vigwaza kwa tani, leo nimepima kwa gramu na bado nimekutwa na kosa.

Maswali matatu. Moja, ile kijani ganda lake limechubuka juu pale kwenye chanya, kama ukucha hivi, kwa sababu sehemu ya kuwekea betri inabana. Nimezungushia salotepu. Inafaa? Mbili, hujanijibu ya dashibodi. Tatu, kuna fundi Mbeya ananiambia atanipa seli za laptop kwa bei ya soda, za Samsung kabisa. Nichukue?

Fundi Mita

La salotepu hapana, na naomba leo usiivute hiyo betri mpaka umalize kusoma hapa.

Itoe uiangalie kichwani kwa mwanga. Katikati kuna kile kibonye, hicho ndicho chanya. Kukizunguka kuna pete ya karatasi, mara nyingi nyeupe. Nje ya pete kuna ukingo wa chuma uliofunikwa na ganda la kijani. Watu wengi wanajua chini ndiyo hasi na juu yote ni chanya. Siyo. Kopo lote la chuma ni hasi, kuanzia chini, ubavuni, mpaka huo ukingo wa juu unaokizunguka kibonye. Kati ya chanya na hasi hapo hakuna hata milimita mbili, na kinachozitenga ni pete ya karatasi na lile ganda jembamba la plastiki. Ganda lako limechubuka hapo hapo. Kipande cha chuma cha kifaa kikigusa kibonye na ukingo kwa pamoja, ampia zinazotoka hapo hazihesabiki. Salotepu ikipata joto gundi yake inalainika na kuteleza, utakuwa unaamini imefunika kumbe imeshahama.

Dawa yake ni rahisi. Kuna maganda ya plastiki ya kubana kwa joto, yanauzwa kwa mafundi wa drili na wa spika, bei ya kutupa. Unachana ganda la zamani, unahakikisha pete nyeupe ipo na haijaloa wala kuchanika, unavalisha jipya, unalipitishia hewa ya mashine ya kukaushia nywele mpaka libane. Kazi ya dakika chache. Usitumie kiberiti.

Na betri ya akiba isikae mfukoni na funguo wala sarafu. Nunua kile kikopo chake cha plastiki. Sarafu moja ikikutanisha kibonye na ukingo, suruali inakwenda na wewe uko ndani yake. Siwatishi. Marekani wameshakufa watu kwa vepu kulipuka, mmoja Florida mwaka 2018 na mwingine Texas mwaka uliofuata. Hata wenye viwanda, Samsung, LG na Sony, walishasema wazi seli zao za kopo tupu hazikutengenezwa zishikwe mkononi na mteja wala kuwekwa kwenye vepu, zilitengenezwa zikae ndani ya pakiti yenye saketi ya kuzilinda. Dunia nzima inaziweka kwenye vepu hivyo hivyo, na mimi pia nauza. Lakini ujue unachokishika.

Dashibodi. Hapo ndipo unapoimalizia betri. Karatasi za viwanda kwa seli nyingi zinasema kuchaji ni kati ya nyuzi 0 na 45. Dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani, jua la Chalinze la saa nane, kioo kimefungwa, inapita hapo bila jasho. Halafu unaichaji ikiwa kwenye joto hilo, unaijaza mpaka 4.2, unaiacha imejaa juani. Joto na kujaa vikikutana ndivyo vinavyoizeesha lithiamu haraka kuliko kitu kingine chochote, hata kama huivuti. Hiyo mwaka wako wa kijani ungeweza kuwa mwaka na nusu. Weka kwenye mfuko wa mlango upande wa kivulini, au sakafuni karibu na kiti pale AC inapopuliza kama gari inayo.

Volti 24 siyo tatizo, ila angalia kile kichaja cha tundu la kiberiti kimeandikwaje. Kiwe kimeandikwa 12–24V. Kuna vya gari ndogo vya 12V peke yake, vikichomekwa kwenye lori vinanuka plastiki. Na usichaji ukiwa umelala kitandani kule nyuma. Hilo sikuongezei maneno. Kifaa chako kama kinachaji kwa ampia 1, betri ya 2500 kutoka robo inahitaji kama saa mbili na nusu, na sehemu ya mwisho inakwenda taratibu kwa sababu ikigusa 4.2 inaanza kujibana yenyewe. Ukiichomoa imefika kama asilimia 80 hujaibiwa kitu, unaisaidia.

Za laptop usichukue. Samsung kweli inawezekana, lakini seli nyingi za laptop zimetengenezwa kutoa umeme polepole masaa mengi, ampia 4 au 5, na hizo anazokupa zimeshatumika. Utarudi kule kule kwenye nyekundu yako. Seli za pakiti za drili ni habari nyingine. Drili inadai ampia nyingi kama vepu, kwa hiyo seli zake ndizo zinazokufaa, zikiwa mpya au zimepimwa.

Halafu hujauliza ila nakwambia: shusha wati. 25R mpya ina kama wati-saa 9, yaani wati-sekunde 32,400. Pafu la sekunde 3 kwa wati 50 linakula 150. Gawanya unapata 216. Ukitoa kinachopotea kwenye saketi na kile kifaa kinachokibakiza chini, tegemea kama 170. Weka wati 25, hesabu inakuwa mara mbili, na ampia zinashuka mpaka 7 hivi, betri inabaki baridi. Unasema ukishusha unavuta hewa. Hiyo ni koili. Koili ya 0.4 imetengenezwa kwa wati nyingi. Weka ya omu 0.8, wati 18 au 20, vuta taratibu na uzibe kidogo tundu la hewa. Moshi utakuwa mdogo, koo itaridhika.

Dada wa Likoni

Hamjambo wa huko. Mimi niko Mombasa, nimekuwa nikifuatilia. Yangu si ya boksi, ni podi ndogo nyembamba, betri iko ndani haitoki. Shida yangu ni moja. Nilinunua simu mpya, chaja yake ni taipu C pande zote mbili. Nikichomeka podi hakuna taa, hakuna kitu. Nikachukua waya wa kaka yangu wa zamani, ule wa USB pana upande mmoja, ikawaka papo hapo. Duka likaniambia podi imeharibika ninunue nyingine. Ni kweli?

Dogo wa Saketi

Dada haijaharibika. Podi nyingi na zile za kutupa zinazochajiwa zina tundu la taipu C kwa sura tu. Chaja ya kisasa ya C kwa C haitoi umeme mpaka isikie kuna kifaa upande wa pili, na inasikia kupitia vipingamizi viwili vidogo vya kilo-omu 5.1 vilivyotakiwa kuwekwa ndani ya podi. Mtengenezaji akabana senti, akavitoa. Chaja inasubiri ishara ambayo haitakuja. Ule waya wa USB pana hauulizi maswali, unatoa volti 5 muda wote. Endelea na waya wa kaka. Chaja yoyote ya kawaida ya ampia 1 inakutosha, betri ya podi kawaida ni ndogo, ukiiharakisha utaipasha joto bure.

Na kwa podi yako kanuni ya Fundi ni ile ile, ila huna kioo, una taa. Nyingi taa ikibadilika kuwa nyekundu bado kuna mipafu kidogo, chomeka hapo. Usingoje ile ya kupepesa mara nyingi mfululizo, hiyo maana yake imeshajizima. Halafu ukiiweka kabatini kwa muda mrefu, iache katikati. Ikiwa mfu inaendelea kunyonywa taratibu na saketi yake yenyewe, ukirudi inakataa chaji. Ndiyo zinavyotupwa wakati bado nzima. Uingereza walichoka na takataka za betri hizi, zile za kutumia mara moja wakazipiga marufuku kuuzwa kuanzia Juni 2025. Na hata zenye tundu la chaji, kama huwezi kuijaza juisi tena au kubadili koili, nazo ziliingia humo humo.

Dada wa Likoni

Asante sana. Yule wa duka nitamrudia na waya mkononi.

kijana wa Tandika

Fundi swali la nyongeza, basi hata simu ni hivyo hivyo? Nimeizima usiku mzima kwa miaka kuiacha ife kila mwisho wa mwezi.

Fundi Mita

Simu ni lithiamu ile ile. Ukiiacha ife mara moja moja haitakufa kesho, inasaidia tu ile asilimia ya kwenye kioo isome karibu na ukweli. Betri yenyewe haipati faida yoyote. Na hayo masaa manane ya simu mpya nayo ni ya enzi za nikeli, siku hizi ikijaa saketi inakata, mengine unaiangalia tu.

Shangazi wa Chuga

Nimerudi. Swali la mtu asiyevuta: hiyo nyekundu ya gramu 31 anaitupa wapi? Msije mkamwambia jalalani.

Fundi Mita

Shangazi umeuliza la maana. Jalalani hapana, kwa sababu majalala yetu yanachomwa moto, na lithiamu ndani ya moto inaruka. Porini Mikumi ndiyo kabisa. Bandika tepu ya umeme juu na chini ili isipige shoti, iweke kwenye kikopo cha plastiki, impelekee fundi anayekusanya. Mimi nakusanya, nina ndoo ya mchanga nyuma ya meza hapa Mwenge. Za namna hiyo nikipata nyingi nazipeleka kwa wanaonunua taka za umeme.

Mzee wa Semi

Nimeshafika Makambako. Nimeshusha wati 25 kwa koili ile ile, moshi umepungua kweli ila betri haijachemka, na kifaa kiko chini ya kiti. Kijani nimeitoa salotepu, nimepata ganda kwa fundi wa spika Iringa, la buluu, kijani hakuwa nalo. Koili ya 0.8 huku juu sijaiona.

Nikishusha mzigo Tunduma na kugeuza nitapita hapo mezani kwako. Niwekee seli mbili za drili, zile zilizopimwa.

Fundi Mita

Mbili zipo. Koili ya 0.8 niambie jina la kifaa chako, zinatofautiana miguu. Na hiyo ya buluu njoo nayo niipime ukinzani, ikizidi omu 0.05 tunaihamishia kwenye tochi.